TB ya ubongo: maradhi yasiyongoja kipimo

Majina tuliyoyapa maradhi mawili yanatuchanganya pale yanapokutana. TB tunaiita kifua kikuu, basi tunatarajia mgonjwa akohoe. Meninjitisi tunaiita homa ya uti wa mgongo, basi tunatarajia mgongo uume. Lakini bakteria wa TB wakiingia kwenye tando zinazofunika ubongo, mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja na mgongo wake usimwume. Analalamika kichwa, ana homa ya kupanda na kushuka, hana hamu ya chakula, anatapika. Wiki ya pili anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wiki ya tatu haamki.

Hii ndiyo TB ya ubongo, na katika aina zote za TB hakuna inayoua zaidi ya hii. Ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa wote wa TB, lakini watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake zaidi ya watu wazima 160,000 duniani waliipata, na karibu nusu yao walikufa. Kwa watoto wanaotibiwa, karibu mmoja kati ya watano hufa, na zaidi ya nusu ya wanaonusurika hubaki na kasoro: kupooza upande mmoja, kutoona, kutosikia, kifafa, au kushindwa na masomo.

Kenya ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa TB. Kwa hivyo maradhi haya si ya mbali na sisi watu wa Pwani. Makala haya yanaeleza yanavyoingia, kwa nini ni magumu kuyatambua, na kwa nini mara nyingi daktari huanza dawa kabla ya kuwa na yakini. Jambo hilo la mwisho ndilo linalozua ugomvi mwingi baina ya familia na wodi.

Yanavyofika kichwani

TB husafiri kwa hewa. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa ndani ya chumba kisichopitisha hewa, wengine huvuta bakteria. Wengi wanaovuta hawaugui. Mwili huwafungia bakteria na kuwaweka kimya kwa miaka. Lakini kabla ya kufungiwa, baadhi huingia kwenye damu na kusambaa. Wachache hutua kwenye ubongo au pembeni mwa tando zake na kujenga kidonda kidogo kisichoonekana.

Siku kidonda hicho kikipasuka, bakteria humwagika ndani ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mwili hupigana nao, na vita hivyo ndivyo vinavyoharibu. Utandu mzito hujikusanya chini ya ubongo. Huziba njia za maji, na kichwa hujaa maji kwa ndani. Hubana mishipa ya fahamu inayotoka hapo, mgonjwa akapata makengeza au akaona vitu viwili viwili. Huvimbisha mishipa ya damu, naye akapigwa kiharusi hata akiwa kijana wa miaka 20.

Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitano, na watu wenye virusi vya Ukimwi. Wenye kisukari, wanaotumia dawa zinazoshusha kinga, na walevi wa kupindukia nao wako karibu na hatari hiyo.

Jambo moja lieleweke ili mgonjwa asitengwe. TB ya ubongo yenyewe haiambukizi. Mgonjwa huambukiza ikiwa ana TB ya mapafu pia, na hilo hupimwa. Kula naye sahani moja au kumwosha hakumpi mtu TB.

Ni maradhi ya zamani

Daktari wa Scotland, Robert Whytt, aliyaeleza kwa makini katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1768, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Aliwaangalia watoto waliodhoofika, wakaumwa na kichwa, wakatapika, kisha wakapoteza fahamu na kufa. Aliona maji yamejaa vichwani mwao, lakini hakuweza kujua kilichosababisha. Bakteria wa TB walitambulishwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana Siku ya TB Duniani huwa tarehe hiyo. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Arnold Rich na Howard McCordock, wakaonyesha kwamba maradhi huanza pale kidonda kidogo cha karibu na tando kinapopasuka.

Miaka yote hiyo, aliyepata TB ya ubongo alikufa. Waliopona walikuwa wa kuhesabika. Mambo yalibadilika dawa ya streptomaisini ilipotangazwa mwaka 1944, na zaidi isoniazidi ilipokuja mwaka 1952. Tangu hapo maradhi haya yana dawa. Lakini dawa humfaa zaidi aliyewahi.

Yanavyojificha

Meninjitisi ya bakteria wengine huja kwa kishindo. Mtu ana afya asubuhi, usiku shingo imekakamaa na fahamu hana. Familia hukimbia naye hospitali. TB ya ubongo hutambaa. Siku tano, wiki moja, wiki tatu, dalili zinaongezeka kidogo kidogo. Shingo hukakamaa kwa kuchelewa, na kwa watoto wadogo na wazee huenda isikakamae kabisa.

Kwetu Pwani kuna vitu vinne vinavyoyaficha.

Cha kwanza ni malaria. Mtu ana homa na kichwa. Anapimwa, kipimo kinasema ana malaria, anapewa dawa. Lakini mahali penye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado kinachomuumiza ni kitu kingine. Akimaliza dozi na kichwa bado kinauma, jibu si dozi ya pili ya malaria. Arudi apimwe upya.

Cha pili ni taifodi. Mara ngapi tumesikia mtu ana "taifodi isiyoisha"? Kipimo cha damu cha haraka kinachotumika katika zahanati nyingi hutoa majibu yasiyoaminika. Mgonjwa hupigwa sindano za siku tano, kisha saba, na huku ubongo unaendelea kuharibika.

Cha tatu ni degedege. Mtoto akishtuka na kukakamaa, wapo wanaosema ni nyuni, na safari ya kwanza huwa si ya hospitali. Degedege ina sababu nyingi. Lakini mtoto aliyekuwa amekonda kwa wiki kadhaa, amekuwa mkali au mlegevu kupita kawaida yake, halafu akapata degedege, huyo anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Cha nne ni kubadilika tabia. Mtu mpole anakuwa mgomvi, anazungumza peke yake, hawatambui wanawe. Hapo husemwa amepandwa na jini. Mimi ni Muislamu na siwezi kuwakejeli wanaomsomea mgonjwa wao Qur'ani; dua ni ibada na ni tulizo. Ninachosema ni kwamba mafunzo ya dini yetu yametuamrisha tujitibu, na hakuna mwanachuoni mwadilifu atakayekwambia kisomo kinazuia dawa. Asomewe akiwa kitandani hospitali. Kombe halipingani na tembe. Kinachoua ni zile wiki mbili za kungoja kimoja kishindwe ndipo kijaribiwe kingine.

Sindano ya mgongo

Daktari akishuku TB ya ubongo atataka kutoa maji ya mgongo, na hapa ndipo familia nyingi hukataa. Maneno yanayozunguka mitaani ni mawili: kwamba sindano ile hupoozesha, na kwamba anayechomwa hafiki mbali.

Tuanze na kupooza. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, baina ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Hapo kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea, na uti wenyewe haupo. Kinachotokea mara kwa mara ni maumivu ya mgongo mahali ilipopita sindano, na kichwa kuuma kwa siku chache. Zipo hali ambazo sindano haifai kwanza, kama vile dalili za uvimbe mkubwa kichwani au damu isiyoganda. Daktari huziangalia na akiwa na shaka huomba picha ya skani ya kichwa kabla.

Ama hilo la kufa: wanaotolewa maji ya mgongo ni wagonjwa ambao tayari wako mahututi. Wengine hufa, na familia hukumbuka sindano kwa kuwa ndiyo iliyokuja mwisho. Aliyewaua ni maradhi. Na kila familia moja inayokataa kwa hofu hiyo, daktari hubaki anakisia gizani.

Wapo pia wanaouliza mbona yanatolewa maji mengi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku, na mililita sita au kumi zinazotolewa hurudishwa kwa saa chache. Na wingi huo una maana. Bakteria wa TB huwa wachache mno ndani ya maji hayo, hivyo ukipeleka matone mawili maabara umepunguza nafasi ya kuwapata.

Kwa nini vipimo havitoshi

Maji ya meninjitisi ya kawaida hutoka na ukungu kama usaha. Ya TB hutoka meupe, au manjano kidogo, na mtu asiyejua atadhani hayana tatizo. Maabara huangalia mambo matatu: chembe nyeupe zimeongezeka, hasa aina ya limfosaiti, protini imepanda, sukari imeshuka. Sukari hiyo hulinganishwa na ya damu, kwa hivyo mgonjwa atachomwa kidole wakati huo huo. Mabadiliko hayo huelekeza kwenye TB lakini hayathibitishi, maana maradhi mengine, kama meninjitisi ya kuvu kwa wenye virusi vya Ukimwi, yanaweza kufanana nayo.

Kuthibitisha ni kumpata bakteria mwenyewe, na hapo ndipo pagumu. Kwa darubini, maabara nyingi humwona kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya kumi. Kumwotesha maabara ni bora zaidi, lakini huchukua wiki mbili hadi sita, na mgonjwa asiyetibiwa hana wiki sita. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa maji ya mgongo mwaka 2013, hutoa jibu kwa takriban saa mbili na huonyesha pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Toleo lake jipya la Ultra lilipendekezwa mwaka 2017. Ni msaada mkubwa, lakini nayo huwakosa baadhi ya wagonjwa.

Maana yake ni hii: jibu likisema TB ipo, ipo. Likisema haipo, bado inaweza kuwepo.

Basi daktari hukusanya ushahidi vipande vipande. Mgonjwa ameugua kwa muda gani? Nani nyumbani ana kikohozi cha muda mrefu au alitibiwa TB? Picha ya kifua ina alama? Karibu nusu ya wagonjwa huwa nazo. Skani inaonyesha maji yaliyojaa au kiharusi? Kipimo cha virusi vya Ukimwi kinasemaje? Vipande vikielekea upande mmoja, huanza dawa za TB siku hiyo, huku majibu mengine yakingojewa. Familia ikiambiwa "hatujathibitisha lakini tunaanza", isidhani kwamba daktari hajui kazi yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akianza mgonjwa akiwa bado anajibu maswali, nafasi ya kupona ni kubwa. Akianza mgonjwa ameshazimia, nafasi hupungua sana, na hata akipona, ulemavu haumwachi kwa urahisi.

Dawa na ugumu wake

TB ya mapafu ya kawaida hutibiwa miezi sita. Hii ya ubongo kwa kawaida huchukua miezi 12: miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha kumi ya rifampisini na isoniazidi. Kwa baadhi ya watoto na vijana, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu pia mpango mkali zaidi wa miezi sita, kwa uamuzi wa daktari. Dawa za TB hutolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya.

Ubongo una kizuizi chake kinachochuja vinavyotoka kwenye damu. Isoniazidi na pirazinamidi hupita vizuri. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu, hupita kidogo tu. Watafiti wamejaribu kuongeza nguvu, lakini haijawa rahisi: jaribio la wagonjwa 817 nchini Vietnam, lililochapishwa mwaka 2016, halikuonyesha kwamba dozi kubwa ya rifampisini pamoja na levofloksasini iliokoa watu zaidi.

Kilichosaidia ni dawa ya kutuliza uvimbe, deksamethasoni. Jaribio la wagonjwa 545, huko huko Vietnam, lililochapishwa mwaka 2004, lilionyesha kwamba inapunguza vifo, ingawa haikupunguza ulemavu. Hutolewa kwa wiki sita hadi nane ikipunguzwa polepole, na haifai kuikatiza ghafla. Hupandisha sukari, kwa hivyo mwenye kisukari afuatiliwe kwa karibu. Kwa wenye virusi vya Ukimwi faida yake ni ndogo zaidi: jaribio la watu 520 Vietnam na Indonesia, lililotolewa mwaka 2023, halikuonyesha kwamba iliwapunguzia vifo.

Mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza ARV huambiwa asubiri, mara nyingi wiki nne hadi nane baada ya kuanza dawa za TB. Familia hudhani amenyimwa. Sababu ni kwamba kinga ikiamka ghafla hupigana na TB iliyo kichwani, na ubongo ukavimba. Yule ambaye tayari anatumia ARV aendelee, lakini awaambie wahudumu, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo na dozi hurekebishwa. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi.

Mambo ya kutarajia nyumbani ni haya. Mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya rifampisini na wala si damu. Macho yakigeuka manjano, mgonjwa akitapika mfululizo, au akianza kuona vibaya, arudi hospitali haraka. Na mgonjwa anaweza kuzidiwa wiki au miezi baada ya kuanza dawa, kichwa kikarudi au degedege ikaanza. Si lazima dawa iwe imeshindwa. Kinga inaweza kuwa ndiyo inayovimbisha vidonda. Arudishwe hospitali, na dawa asiachishwe na mtu wa nyumbani.

Kichwa kikijaa maji, madaktari wa upasuaji huweza kuweka mrija wa kuyatoa. Huduma hiyo haiko kila hospitali ya kaunti. Kwa mgonjwa wa visiwa vya Lamu au wa ndani ya Tana River, kufika penye skani na daktari wa upasuaji wa ubongo ni safari, na safari ni pesa. Tuliambiwa afya imegatuliwa ili huduma imsogelee mwananchi. Basi kaunti zetu ziulizwe: je, hospitali ya rufaa ina skani inayofanya kazi? Zahanati ina njia ya kupeleka maji ya mgongo penye GeneXpert siku hiyo hiyo? Haya ni maswali ya kuwauliza wawakilishi wa wadi, na hayahitaji shahada ya udaktari.

Kuhusu Ramadhani: mgonjwa wa TB ya ubongo ana ruhusa ya kutofunga. Asijilazimishe kwa kuogopa maneno ya watu, na asiruke dozi. Aliyepata nafuu na anataka kufunga azungumze kwanza na daktari wake, kisha na shekhe wake.

Kinga

Chanjo ya BCG, iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921, hupewa mtoto anapozaliwa. Haizuii TB yote, lakini humkinga mtoto na aina kali, ikiwemo hii ya ubongo. Aliyezaliwa nyumbani asicheleweshwe kupelekwa kliniki.

Mtu mzima akigunduliwa na TB ya mapafu, watoto wa nyumba hiyo wapelekwe wote, hata kama wanacheza na kucheka. Wasiougua hupewa dawa ya kuzuia. Hapa ndipo tunapopoteza nafasi nyingi: baba anatibiwa kwa siri kwa kuona haya, na miezi mitatu baadaye mtoto wake anazimia. TB si aibu. Kuificha ndiko kunakomfikisha mtoto wodini.

Kwenye nyumba zetu za vyumba vya kupanga, madirisha yafunguliwe mchana. Kikohozi kisichoisha kipimwe makohozi. Maziwa yachemshwe, kwani ng'ombe nao wana TB yao na huweza kumpata mtoto kwa njia hiyo.

Wakati wa kwenda hospitali

Kichwa kinachouma zaidi ya siku tano pamoja na homa au kutapika. Homa isiyoondoka baada ya dozi ya malaria. Kubadilika tabia au kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye homa. Makengeza mapya. Mtoto anayepungua uzito, amelegea, hataki kucheza. Degedege yoyote.

Ukifika, mwambie daktari siku ya kwanza ya dalili, dawa zote ulizokwisha kutumia, na nani nyumbani amewahi kuwa na TB. Akiomba maji ya mgongo, muulize unachotaka kuuliza, kisha mpe idhini. Akisema anaanza dawa leo kabla ya majibu, mshukuru. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote.